Karakana ya kusoma kanda za zamani za kompyuta, Kariakoo

Yeyote aliyebaki na kanda za kompyuta kabatini nampendekezea karakana ndogo iliyo ghorofa ya pili karibu na Mtaa wa Msimbazi, ambayo haina kibao na watu hufika kwa kuelekezana. Nilipeleka huko kanda 7 za robo inchi, aina ya DC6150, zenye hesabu za malori ya marehemu baba yangu, na 5 kati yake zimesomeka zote.

Kanda ya nane nilikuwa nimekwisha kuipoteza kwa fundi mwingine, ambaye aliitumbukiza katika mashine bila kuikagua. Ndani ya kasha la kanda hizi kuna mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha magurudumu yote mawili, nao ukizeeka hulegea au hukatika. Wangu ulikatika, kanda ikajisokota.

Mzee wa Kariakoo hufungua kasha kwanza. Mkanda uliochoka huubadilisha kwa ule wa kanda mpya zaidi, na gurudumu la mpira la mashine yake, ambalo kwa kawaida huyeyuka likanata kama jojo, amekwisha kulivisha mpira mwingine. Alianzia kazi kwenye kanda za duara za nusu inchi, zenye urefu wa futi 2,400, ambazo zilikuwa na pete ya plastiki nyuma yake. Bila pete hiyo mashine haikubali kuandika, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kufuta kumbukumbu kwa bahati mbaya. Tabia hiyo hajaiacha. Kabla ya kuingiza kanda yangu alichukua bisibisi, akageuza kidude cha pembeni hadi upande wa kuzuia kuandika, akaniambia, "Hapa, mwanangu, tunasoma tu."

Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na naamini uangalifu wa watu wa rika lake ulitokana na kutunza mashine chache ambazo hazikuwa na mbadala. Anaikaza kanda kwa kuizungusha mwanzo hadi mwisho, kisha anaisoma huku akisikiliza, kwa sababu data imeandikwa katika njia 18, na kanda huenda na kurudi njia baada ya njia. Mlio ulipobadilika kwenye kanda ya tatu, alisimamisha kazi, akasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti, akaanza upya.

Nililipa shilingi 60,000 kwa kila kanda iliyosomeka, na zilizoshindikana hakunitoza. Kazi ilichukua siku 9, muda ambao kwangu ni wa haki. Lisiloniridhisha ni kwamba kanda za wateja hukaa kwenye rafu ya wazi karibu na dirisha, na katika unyevu wa Dar es Salaam, hasa umeme unapokatika na kiyoyozi kuzimika, gundi inayoshika unga wa sumaku inaweza kuharibika. Nilimwomba anifungie zangu 2 zilizobaki kwenye ndoo yenye mfuniko, naye akakubali papo hapo. Anasubiri mikanda mingine ya mpira ili azijaribu tena.