Seti ya zana za bustani ndani ya mkoba: tathmini baada ya misimu miwili

Seti hii huuzwa ikiwa ndani ya mkoba wa turubai wenye mifuko ya pembeni, nayo humshawishi kwa urahisi mtu anayeanza bustani ya nyumbani, kwa kuwa inaonekana kumaliza mahitaji yote kwa mkupuo mmoja: kikoleo cha mkono, uma mdogo wa meno matatu, mkasi wa kupogolea, glavu, chupa ya kunyunyizia maji na pakiti ya mbolea ya chenga. Nimeitumia kwa misimu miwili ya kupanda. Kati ya vitu hivyo sita, ni kimoja tu ninachokitumia hadi leo bila kunung'unika, na kimoja kilinifia mkononi kabla ya wiki ya tatu kwisha.

Kilichonifia ni kikoleo. Nilikuwa nang'oa ndago, gugu ambalo ukilikata juu huchipua tena kutoka kwenye viazi vyake vidogo vilivyo chini ya udongo, hivyo hapana budi kuchimba hadi viazi hivyo vitoke. Udongo ulikuwa umekauka, nikaukandamiza mpini kwa uzito wa mwili, na mara nikajikuta nimeshika mpini mtupu, bapa likiwa limesimama ardhini. Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kimefichwa na rangi: msuka, yaani ile ncha ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ulikuwa mfupi kuliko pingili ya kidole changu, umeshikizwa kwa gundi peke yake, na noleo lililozunguka shingo ya mpini lilikuwa bati jembamba lisilobana chochote. Bapa lenyewe halikuwa na kosa. Halikupinda wala kushika kutu. Ubovu wote ulikuwa pale chuma kinapokutana na mti, mahali ambapo mnunuzi hapatazami.

Tangu siku hiyo, ninapochagua kifaa cha kuchimbia sianzi na makali, kwa sababu makali yanaweza kurudishwa kwa tupa. Hushika bapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, nikavisokota kuelekea pande tofauti. Kikicheza hata kidogo kikiwa kipya, bustanini hakitadumu. Hutafuta pia ribiti, yaani pini ya chuma, iliyopenya kwenye noleo hadi ndani ya msuka. Vikoleo vya bati lililokunjwa ni vyepesi na hupendeza machoni, ila hupinda shingoni mara vinapokutana na udongo mgumu. Uma mdogo umeungwa vivyo hivyo na bado u mzima, pengine kwa sababu siutumii nje ya udongo uliokwisha kulainishwa.

Mkasi wa kupogolea ndio unaoiokoa seti hii. Ni wa aina ambayo makali mawili hupishana kama ya mkasi wa kawaida, na hiyo ndiyo aina ifaayo kwa matawi mabichi. Ile nyingine, ambayo kisu kimoja huangukia juu ya bamba bapa, huyaponda maganda ya tawi bichi, na afadhali iachiwe matawi makavu. Kwenye tawi lenye unene wa kidole mkasi huu hukata mara moja, na jeraha hubaki laini bila nyuzi zinazoning'inia. Hukata juu kidogo ya jicho la tawi, yaani pale chipukizi linapotokea, kwa mshazari, kisha huyafuta makali kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine, hasa ninapokuwa nimegusa mmea wenye ugonjwa. Kasoro yake ni kifungio cha kuyabana makali yasifunguke: kimelegea, nami nimekifunga kwa kipande cha mpira.

Kuhusu glavu sina mengi: zilitoboka kwenye ncha za vidole. Chupa ya kunyunyizia nayo haina kazi bustanini, maana hulowesha majani na kuiacha mizizi na kiu. Kinachohitajika ni kopo la kumwagilia lenye kichwa cha matundu madogo kinachoweza kuchomolewa na kusafishwa, kwani tundu likiziba kwa mchanga maji hutoka kwa nguvu upande mmoja na kuiangusha miche. Wengi hukimbilia kopo la lita 10 wakisahau kwamba likijaa ni kilo 10 za maji, bila kuhesabu kopo lenyewe. Mimi nimechagua mawili ya lita 5, moja kila mkono, na mgongo umeshukuru.

Pakiti ya mbolea ina gramu 200 na imeandikwa 15-15-15. Tarakimu hizo ni asilimia kwa uzito, na ya kwanza ni ya naitrojeni, kwa hiyo ndani ya pakiti nzima mna gramu 30 tu za naitrojeni. Huo si udanganyifu. Kinachonikera ni kwamba hakuna mstari hata mmoja unaoeleza kiasi cha kutumia kwa mita moja ya mraba, wala onyo kwamba chenga zikirundikwa shinani huiunguza mizizi. Anayeanza, ambaye ndiye aliyelengwa na seti hii, ndiye atakayeimwaga yote shinani kwa nia njema.

Tupa haimo kabisa mkobani, ingawa inaweza kuvihudumia vifaa vyote vya kuchimbia kwa miaka mingi. Kama mkasi ungeuzwa peke yake ningeununua tena. Bapa la kikoleo nimelitilia mpini mwingine, safari hii kwa msumari uliopenya hadi upande wa pili na kukunjwa ncha.