Stendi za plastiki kwa vita vya chini ya maji: miezi minne mezani kwetu

Kilichonifanya ninunue hizi stendi za kuinulia sanamu za mchezo ni papa mmoja. Nilikuwa nimetunga kisa cha D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza visa kwa sanamu na dadu), toleo la tano, juu ya mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa. Wazamiaji waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vyake ukienda makumbusho ya ngome utaviona. Mimi nikaongeza tu watu-samaki wanaoishi ndani ya mbavu zake, na papa wao. Tukacheza juu ya ubao wa kawaida wa miraba, kina nikiandika kwenye karatasi. Kufika raundi ya tatu, mwenzetu mmoja akamchoma papa mkuki kifuani, tukashangilia, ndipo mwingine akauliza, "Kwani huyo papa si yuko futi thelathini chini ya miguu yako?" Ilibidi tumrudishie papa uhai wake.

Basi nikaagiza seti ya 12 mtandaoni. Shilingi 4,200 na usafirishaji ndani yake. Kila moja ina kitako cha mduara, nguzo nyembamba yenye vishikio 8, na kisahani cha kuwekea sanamu ambacho unakipandisha na kukishusha. Zote ni plastiki angavu, kwa hiyo ubao unauona vizuri. Jina la muuzaji halina maana, wako wengi na bidhaa ni ile ile.

Usiku wa kwanza nilifurahi kama mtoto wa Idi. Ukiinamisha kichwa usawa wa meza unaona kabisa nani yuko juu ya nani, papa anapanda kutoka wapi, na yule mchawi wetu mwoga ameelea peke yake karibu na uso wa maji. Watu waliacha kuniuliza "niko wapi?" na wakaanza kuuliza "nikipita nyuma ya mlingoti ataniona?" Hilo ni swali la mchezaji anayeyaona maji. Kwa hilo peke yake sikuzijutia pesa zangu.

Kasoro zikaanza wiki ya pili, na kubwa kuliko zote ni hii: nguzo inakalia mraba wa chini. Baharini jambo la kawaida kabisa ni mmoja kuwa juu ya kichwa cha mwenziwe, na papa ndivyo anavyokuja, kutoka chini. Lakini mezani stendi imesimama pale pale ambapo papa anatakiwa awepo. Kitu ulichokinunua kionyeshe mtu juu ya mtu ndicho kitu pekee kisichoweza kukionyesha. Sisi sasa tunamweka wa chini mraba wa jirani, tunawapa wote wawili dadu za rangi moja, na kila mtu anajua kwamba rangi moja ni mraba mmoja. Inafanya kazi, ila ukiwa na dadu za rangi moja, huhitaji stendi sana.

Pili, kipimo kinadanganya. Mraba wa ubao ni inchi moja, nao ni futi tano. Kishikio hadi kishikio ni nusu inchi, nacho pia ni futi tano. Kwa hiyo uzi wa kupimia haufai kitu ukiuvuta kwa mshazari. Mpira wa moto wa mchawi, ambao ni tufe la futi ishirini kila upande, ukiuangalia mezani umebonyea kama andazi lililokaliwa. (Na msisahau, aliyezama majini anaumia nusu tu kwa moto. Mchawi wetu hukumbushwa kila wiki, na kila wiki hushangaa.)

Halafu kuna suala la wapi pa kuanzia kuhesabu. Stendi inapanda kutoka chini, kwa hiyo ubao hauna budi kuwa sakafu ya bahari. Mtu majini lakini anahesabu kutoka juu. Mwenzetu mzaliwa wa Lamu, mtoto wa mvuvi, ndiye aliyetuokoa: "Nyie mnahesabu ngazi za nini? Bahari huhesabiwa kwa pima." Tukachukua kalamu ya wino usiofutika, tukaandika namba kwenye nguzo kichwa chini miguu juu, sifuri kileleni. Pima moja halisi ni kama futi sita na mraba wetu ni futi tano, lakini hakuna aliyegombea hiyo futi moja. Tangu siku hiyo mtu anasema "nashuka pima tatu" na mkono unajua pa kwenda. Pima tatu ndiyo zamu nzima ya mtu wa kawaida, maana asiyekuwa na mwendo wa kuogelea hupungukiwa nusu, futi 30 zinakuwa 15.

Ugomvi wa kweli ulikuwa wa mkuki. Kitabu kinasema silaha ya kurusha ikivuka masafa yake ya kawaida chini ya maji inakosa moja kwa moja, na mkuki masafa yake ni futi 20, yaani miraba minne. Adui yuko miraba mitatu mbele na pima nne chini. Ukihesabu kwa miraba, mshazari ukiwa sawa na mraba wa kawaida, yuko minne: anapigika. Ukimwita Pythagoras, yuko mitano: mkuki umepotea. Tulibishana hadi chai ikapoa. Niliamua tutumie namba iliyo kubwa kati ya mbili, mbele au chini, basi. Si sahihi kihesabu, lakini zamu inakwisha kabla watu hawajasinzia, na stendi haikusaidia chochote katika kuamua hilo.

Jambo moja ambalo nililiogopa bure ni pumzi. Mhusika mwenye nyongeza ya +2 kwenye alama yake ya afya anaweza kubana pumzi dakika tatu, na raundi ni sekunde sita, kwa hiyo ana raundi 30. Vita vyetu havijawahi kupita nane. Nilichokiongeza badala yake ni mkondo: kila mwisho wa raundi, wote wasioshika kitu wanasogea mraba mmoja kuelekea mlango wa bandari. Hapo ndipo stendi zinapoanguka, kwa sababu vitako ni vyepesi na unasukuma saba kwa mpigo. Gundisha sarafu ya shilingi kumi chini ya kila kitako kabla hujaanza.

Kama unaendesha vita vya majini mara moja kwa mwaka, dadu ya namba kando ya kila sanamu inatosha na haina gharama. Kama ni kila wiki kama sisi, nunua sita, usinunue kumi na mbili. Wapandishe wahusika na yule adui mmoja mkubwa, wadogo waache chini na dadu zao. Zangu sita ziko kwenye sanduku la mchezo. Mbili zimekatika shingo, na nne anazo jirani yangu muuza bangili, anatundikia mali yake dukani na hataki kunirudishia.