Kipoza oili cha pawa stering: kipi ununue kwa gari la porini

Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero ina makorongo ya mchanga ambayo hayataki haraka. Ukikwama katikati, mchezo ni ule ule: kata kulia mpaka mwisho, rudi nyuma, kata kushoto mpaka mwisho, songa mbele. Nilicheza hivyo kama dakika ishirini. Usukani ukaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa, kisha ukawa mzito, na chini ya boneti ikatoka harufu ya mafuta ya kukaangia samaki yaliyorudiwa siku tatu. Nilipofungua kikopo cha pawa, oili iliyokuwa nyekundu asubuhi ilikuwa na povu la rangi ya chai ya maziwa.

Tangu siku hiyo nimefunga vipoza vya aina karibu zote, kwenye Land Cruiser yangu na kwenye magari ya jamaa zangu. Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia ninachokiamini zaidi.

Ila uelewe kwanza unapambana na nini. Ukishikilia usukani umekata mpaka mwisho, oili haina pa kwenda. Pampu bado inasukuma, kwa hiyo vali ya kupunguza presha inafunguka na oili inazunguka pale pale, kwa presha inayopita psi 1000 kwenye pampu nyingi. Nguvu yote ambayo injini inaipa pampu wakati huo haizungushi tairi hata kidogo, inageuka joto. Ongeza tairi pana, punguza upepo ili upite mchanga, funga difu ya mbele ili tairi zote mbili zizunguke pamoja, na kazi ya pampu inazidi. Juu ya hapo gari linatambaa, halipati upepo wa kuipoza. Wanaoshindana Rhino Charge kule Kenya wanakaa saa 10 katika hali hiyo, kichakani na kwenye mawe, na ndiyo maana ukichungulia boneti za magari yao utakuta vipoza vya kila namna.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha gari lako linatumia oili kweli. Jimny ya kuanzia 2018 ina usukani wa umeme, hakuna cha kupoza hapo. Kama ni la oili, chovya kitambaa cheupe kwenye kikopo. Oili ya kahawia yenye harufu ya kuungua haiponywi na kipoza. Imwage yote, weka mpya, ndipo uendelee. Land Cruiser za toleo la 70 na la 80, na Defender za zamani, hutumia ATF (oili ya gia za otomatiki) ya aina ya Dexron, ile nyekundu. Magari kadhaa ya Ulaya hutumia oili ya kijani, na hizo mbili hazichanganywi. Maandishi huwa kwenye mfuniko. Yakifutika, soma kitabu cha gari, usimsikilize muuza duka.

Na kama una rafiki mwenye kipimajoto cha kuelekeza kama bunduki, kiazime. Pima kikopo mara tu baada ya kutoka kwenye mchanga. Mafundi wa gia za otomatiki wana jedwali lao la ATF: kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi iko vizuri, karibu na 115 inaanza kuacha utando wa kahawia, na ikipita 125 sili, yaani mipira ya kuzuia uvujaji, zinaanza kukauka. Chini ya 90, huhitaji kununua chochote. Kanywe soda.

Namba 1: kipoza cha mrija na mapezi

Ni mrija mmoja uliokunjwa kama nyoka, umevikwa mapezi membamba ya alumini. Hayden na Derale wanavitengeneza, na vipo vingi visivyo na jina. Ndicho cha bei nafuu katika vipoza vya maana. Nakiweka juu kwa sababu mbili. Mrija wake ni mpana, oili inarudi kwenye kikopo bila kubanwa, na tope likiingia kati ya mapezi, ndoo moja ya maji inalitoa.

Pa kukiweka ni mbele ya rejeta, si kwingine. Gari likitambaa, upepo pekee uliopo ni ule unaovutwa na feni ya injini, na feni inavuta kupitia hapo. Nimeona kipoza kizuri kimefungwa chini ya taa ya kushoto, nyuma ya bampa la chuma. Kilikuwa pambo tu.

Chagua chenye nafasi ya kutosha kati ya pezi na pezi. Vile vilivyosongamana sana hupendeza dukani, lakini vumbi la Ziwa Natron likichanganyika na oili kidogo vinageuka tofali.

Namba 2: filta ya njia ya kurudia

Najua, filta haipozi. Nimeipa nafasi ya pili makusudi. Oili ikishachemka mara moja, pampu inakuwa imejila kidogo, na vile vipande vya chuma vidogo vinazunguka na kuikwangua zaidi. Pampu iliyokwanguliwa inavuja ndani kwa ndani, na uvujaji huo ni joto jingine. Filta ndogo yenye sumaku, ikiwekwa kwenye mpira wa kurudia, ule unaorudisha oili kwenye kikopo, inakatiza mzunguko huo kwa pesa kidogo kuliko kitu kingine chochote humu. Ifungue baada ya safari ya kwanza na utashangaa.

Namba 3: bomba nene la alumini lenye mapezi

Hili ni kipande cha alumini kilichotobolewa moja kwa moja katikati, na nje kina mapezi manene. Ukiligonga na jiwe linabonyea kidogo tu. Halibani oili hata kidogo na linaingia mahali finyu, mfano juu ya fremu. Udhaifu wake ni kwamba eneo la kutolea joto ni dogo. Kwa Prado ya mjini inayokwenda shamba mara mbili kwa mwezi, linatosha. Kwa gari la safari linalobeba wageni sita kwenye udongo mweusi wa Serengeti wakati wa masika, nisingelitegemea peke yake.

Namba 4: kipoza cha mabamba, pamoja na feni yake

Hiki ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na watu wanashangaa nakiweka nyuma. Ni mabamba yaliyopangwa kama sahani, oili inapita ndani ya kila moja. Kwa ukubwa ule ule kinatoa joto zaidi ya mrija. Lakini bei yake na ya viunganishi vyake vya nyuzi inapanda haraka, tope linaganda katikati, na kikipasuka porini huwezi kukiziba. Mrija uliopasuka unaukata na kuuruka kwa kipande cha mpira na klipu mbili, ukafika nyumbani.

Kinunue kama umeongeza silinda ya kusaidia usukani, au unakwenda mashindano. Hapo nunua na feni ya umeme yenye swichi ya joto, na feni ipitie kwenye rilei na fyuzi yake, si kuunganishwa kwenye waya wa honi kama nilivyokuta kwenye gereji moja.

Namba 5: kikopo kikubwa zaidi

Oili nyingi huchelewa kupata moto, na povu linapata muda wa kutulia. Ni kweli. Lakini ikishapata moto, inachelewa kupoa vile vile. Kama nyongeza ya namba 1 ni sawa.

Usinunue: dawa za chupa za kuziba uvujaji wa sili. Zinalainisha mpira kwa wiki kadhaa, kisha unarudi pale pale na pampu yenye uchafu.

Upande wa vitu vilivyokwisha kutumika, Gerezani kule Dar es Salaam au Grogan kule Nairobi utapata vipoza vya gia za otomatiki vilivyong'olewa kwenye magari mengine, na vinafaa sana kwa kazi hii. Tahadhari ni moja: huenda gari lile liliuawa na gia yenyewe, na vipande vyake bado vimo ndani ya kipoza. Kisafishe kwa petroli kupitia pande zote mbili mpaka itoke safi, kisha kipulize kwa upepo. Ukiona bado inatoka na chembe za chuma zinazong'aa, kirudishe.

Sasa mpira, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kipoza kinafungwa kwenye njia ya kurudia tu, ule mpira unaotoka kwenye boksi la usukani kurudi kwenye kikopo. Njia ya presha usiiguse. Mpira wa maji ya hita haufai, kwa sababu umetengenezwa kwa mpira unaovimba ukikutana na oili. Utadumu mwezi, halafu utakuwa kama ulimi wa ng'ombe. Ulizia mpira wa oili ulioandikwa SAE J189, wa inchi 3/8 kwa magari mengi, na klipu za skrubu, si za waya.

Ukishafunga, nyanyua tairi za mbele zote mbili, injini imezimwa. Zungusha usukani mwisho mpaka mwisho mara ishirini hivi huku mwenzako akiongeza oili. Ndipo uwashe, uzungushe taratibu, uangalie kikopo. Bado kuna povu? Zima, ngoja nusu saa, rudia. Rudi kwenye klipu na bisibisi baada ya kilomita mia ya kwanza, mpira ukishakaa utakuta zimelegea robo mzunguko.