Jibini, siki na Lambrusco: uzoefu wangu wa safari ya kuonja Emilia

Kama una siku moja tu ya kutoka nje ya Bologna, mji wa Emilia kaskazini mwa Italia, na unapenda kula, nenda ukaone chakula cha watu wa huko kinavyotengenezwa. Nasema hivyo baada ya kuchukua safari ya kuonja ya kutwa nzima: gari dogo linakuchukua hotelini alfajiri, linakupeleka kiwanda cha jibini la Parmigiano Reggiano, halafu nyumba ya siki ya Modena, halafu ghala la mapaja ya nguruwe, na mwisho chakula cha mchana chenye mvinyo wa huko. Tulilipa karibu euro 170 kila mmoja. Hizo si pesa kidogo, kwa hiyo naeleza kila kituo kilivyokuwa na nani hasa anafaa kuzitoa.

Nilikwenda na shemeji yangu. Sisi ni watu wa Malindi, na mtu wa Malindi hana ugeni na chakula cha Kiitaliano. Waitaliano wamejaa mjini, pizza na aiskrimu yao tumekulia nazo, na vijana wengi wa hotelini wanakizungumza Kiitaliano vizuri. Ila kule nyumbani tunauziwa Italia nzima kwenye menyu moja. Emilia kila mji una chake na unakilinda: siki ya Modena si ya Reggio, na tortelli (pasta zilizojazwa) za Parma hazifanani na za Mantova ya jirani. Shemeji ni Mwislamu, nguruwe hali na pombe hanywi. Mimi natumia vyote viwili. Nimeona niandike kwa niaba yetu sote, kwa sababu siku ile haikuwa sawa kwa kila mmoja wetu.

Nianze na jibini, maana ndilo lililonipa thamani ya pesa yangu. Tulifika kiwandani kabla ya saa mbili asubuhi, tukavalishwa makoti mepesi, kofia na vifuniko vya viatu. Ndani kuna joto la mvuke na harufu tamu ya maziwa. Masufuria yao ni ya shaba, yana umbo la kengele iliyopinduliwa, na sehemu kubwa imezama chini ya sakafu, hivyo unachokiona ni mdomo mpana tu. Maziwa ya jioni hulazwa kwenye mabeseni mapana usiku kucha, krimu ikapanda juu ikaenguliwa, kisha yakachanganywa na maziwa ya asubuhi ambayo hayakuenguliwa kitu. Wanatia maji ya jibini la jana yaliyochachuka, halafu kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na dakika chache baadaye sufuria nzima imeganda.

Hapo ndipo fundi anaingia na chombo kirefu cha nyaya, anavunja ule mgando mpaka unakuwa chembe zisizozidi punje ya mchele, huku moto ukipandishwa hadi nyuzi 55. Nilisimama karibu yake kabisa. Kipimajoto kilikuwepo ukutani, lakini yeye alitumbukiza mkono, akakusanya chembe kiganjani, akafumba ngumi, akafumbua, akatazama zilivyoshikana na zilivyoachana. Akarudia. Mara ya pili akamwashiria kijana wake azime. Baadaye, chembe zilipokwisha kutulia chini na kuwa mwili mmoja, waliuinua kwa kitambaa cha kitani na kasia la mbao, watu wawili wakivuta, wakaukata katikati kwa kisu. Kila sufuria hutoa magurudumu mawili namna hiyo. Gurudumu moja lina uzito wa kilo 40 hivi na linakula maziwa ya karibu lita 550. Ukizidisha hesabu kwa masufuria yaliyopangwa pale, unaelewa kwa nini bei yake iko juu.

Viungo ni vitatu tu: maziwa, chumvi na hicho kimeng'enya. Ng'ombe hawaruhusiwi kulishwa majani yaliyochachishwa kwenye silo, kwa sababu bakteria wake huja kuharibu jibini miezi mingi baadaye, likiwa tayari limekula gharama zote. Likitoka kwenye maji ya chumvi linapandishwa rafuni, na chini ya miezi 12 haliwezi kuitwa Parmigiano Reggiano. Likitimiza huo umri, mkaguzi wa Consorzio, chama kinachosimamia jina hilo tangu 1934, hupita na nyundo ndogo akiligonga kila upande na kusikiliza. Sauti ikibadilika mahali, ndani kuna ufa au tundu. Lililopasi linachomwa alama kwa moto, na lililoanguka linakwanguliwa maandishi ya ganda lake. Mwongozaji wetu alitupa nyundo tujaribu, na kweli tofauti inasikika, hata kwa sikio lisilozoea.

Tulionja la miezi 12, la 24 na la 36. La 12 lina ulaini na utamu wa maziwa. La 36 ni kavu, lina ukali na harufu ya mchuzi wa nyama, zuri kwa vipande vidogo sana. Langu ni la 24. Zile punje nyeupe zinazolia menoni si chumvi, ni tairosini, inayojitenga protini inapovunjika kwa muda mrefu. Na hili liwafikie wenzangu wengi ambao maziwa huwasumbua tumbo: sukari ya maziwa huliwa na bakteria katika siku za mwanzo kabisa, hivyo Parmigiano halisi halina laktosi. Shemeji, ambaye glasi moja ya maziwa humlaza, alikula vizuri na jioni alikuwa mzima. Kuhusu kimeng'enya cha ndama, hiyo ndiyo kanuni ya Parmigiano na hakuna la aina nyingine, kwa hiyo asiyekula mazao ya mnyama aliyechinjwa nje ya taratibu zake aulize kwanza kwa viongozi wake wa dini. Shemeji alikwisha kuuliza kabla hatujaondoka.

Nyumba ya siki ni ya familia, nje kidogo ya Modena. Tulipandishwa darini, chini ya paa, na mimi nilidhani mapipa yangewekwa kwenye ubaridi wa chini. Siki hii inataka joto la kiangazi liikaushe maji, na baridi ya kipupwe itulize kilichobaki. Inaanza na maji ya zabibu za Trebbiano na Lambrusco, yanayochemshwa kwa muda mrefu mpaka yanakuwa mazito. Mapipa hupangwa safu moja, kubwa hadi dogo, ya miti tofauti: mwaloni, mcheri, mforsadi, mreteni. Mdomo wa kila pipa umefunikwa kitambaa tu. Mara moja kwa mwaka wanatoa kidogo kwenye pipa dogo kuliko yote, linajazwa kutoka kwa lililo kubwa kidogo, nalo kutoka kwa linalolifuata, hadi pipa kubwa linalopokea zabibu za mwaka ule. Mama mwenye nyumba alinisogeza nikanusa pipa la mreteni, harufu ikanipanda hadi machoni. Ni desturi ya kale huko kuanzisha safu mpya ya mapipa mtoto wa kike anapozaliwa, imsubiri hadi siku ya ndoa yake.

Sasa msikilize mnunuzi mwenzenu. Ile ya kweli inaitwa Aceto Balsamico Tradizionale di Modena, ina alama ya DOP (asili iliyolindwa kisheria), na imekaa si chini ya miaka 12. Ikifika 25 inaandikwa extravecchio. Wazalishaji wote wa Modena hutumia chupa moja ya mililita 100, tumbo la mviringo juu ya kitako cha pembe nne, iliyochorwa na Giorgetto Giugiaro, yule yule msanifu wa magari. Inayojaa madukani ni nyingine, Aceto Balsamico di Modena yenye alama ya IGP, ya masharti mepesi zaidi: hiyo huchanganywa na siki ya mvinyo, yaweza kutiwa rangi ya karameli, na siku 60 zinatosha. Haina ubaya kwa kachumbari, lakini asikuuzie mtu kwa bei ya ile nyingine. Pale nyumba ya siki, ya miaka 12 ilikuwa kama euro 50, na ya 25 karibu mara mbili. Tulitiliwa matone kwenye kijiko, halafu juu ya Parmigiano, halafu juu ya aiskrimu ya vanila. Utamu unatangulia, uchachu unafuata, na mdomo unabaki na ladha ya mti kwa muda mrefu. Mimi nilinunua ya miaka 12, maana ya 25 ni nzuri zaidi lakini si kwa kiasi cha kuongeza bei ile. Usiipike. Itie mwishoni, chakula kikiwa mezani.

Ghala la mapaja ya nguruwe lilikuwa fupi: mapaja yananing'inia kwa mamia, kuna chumvi na upepo, na vipande vyembamba vya kuonja. Vitamu, sikatai. Shemeji alingoja nje na mwongozaji alimletea kahawa, jambo la kiungwana.

Chakula cha mchana ndicho kilichonikera. Wakati wa kulipia tulijaza kwamba mmoja wetu hali nguruwe, na kampuni ikathibitisha kwa maandishi. Kwanza ikaja gnocco fritto, unga uliokaangwa ukavimba, mandazi yasiyo na sukari ukipenda. Shemeji alikuwa ameshanyoosha mkono nilipomuuliza mhudumu imekaangwa kwa mafuta gani. Strutto, akasema, mafuta ya nguruwe. Ikafuata supu ya tortellini, pasta ndogo zilizojazwa, na kila anayeijua Bologna anajua tortellini zina nini tumboni: nyama ya nguruwe, prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa), mortadella (soseji ya nguruwe), Parmigiano na kungumanga. Jikoni walielewa kwamba kutokula nguruwe ni kutokuletewa sahani ya nyama zilizokatwa, basi. Mwishowe walimtengenezea tortelli za rikota, jibini laini, na majani mabichi, nazo zilifika wenzake tukiwa kwenye kahawa. Tortelli zenyewe zilikuwa chakula bora kuliko vyote mezani, alinionjesha. Lakini mtu aliyelipa bei kamili hakupaswa kula peke yake. Kampuni ilijibu malalamiko yetu kwa kuomba radhi, na hakuna senti iliyorudi. Vilevile asiyekunywa hapunguziwi chochote, japo mvinyo ni sehemu ya bei.

Kwa hiyo Mwislamu anayekwenda Emilia asitegemee fomu. Mwambie mhudumu kwa Kiitaliano, "senza maiale e senza strutto" (bila nguruwe na bila mafuta yake), kwa kila sahani. Salama yako ni tortelli za rikota na mboga za Parma, na zile za boga za Ferrara na Mantova. Ragù ya Bologna, mchuzi wa nyama, usiifikirie kuwa ya ng'ombe pekee: mapishi yaliyosajiliwa katika ofisi ya biashara ya mji ule mwaka 1982 yana pancetta ndani, nyama ya tumbo la nguruwe.

Lambrusco nayo inastahili haki yake. Ni mvinyo mwekundu wenye povu, unaonywewa baridi, na huko nje umepata jina baya kwa sababu ya aina tamu za bei ya chini. Tuliopewa ulikuwa mkavu. Wa Sorbara una rangi ya waridi na uchachu mkali, wa Grasparossa ni mzito, karibu mweusi, na unakausha ulimi. Kwa meza yenye mafuta kiasi kile nilikuwa nauhitaji wa Sorbara, kila funda linasafisha mdomo uanze upya. Nikirudi nitaagiza huo tu.

Je, nitalipa tena? Kwa anayekula kila kitu na asiyejua Kiitaliano, ndiyo, kwa sababu mwongozaji wetu alikuwa anaijua kazi na milango ile haifunguki kwa kila mpita njia. Nampa yeye tano kwa tano, na kampuni tatu. Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa, nusu ya siku ni ya wengine, na afadhali ajipangie mwenyewe. Viwanda vingi vya jibini hupokea wageni wanaoweka nafasi mapema kupitia tovuti ya Consorzio. Treni ya kawaida kutoka Bologna hadi Modena haimalizi hata nusu saa, na ukifika nenda soko la Albinelli ukanunue chakula chako ukikiona kwa macho. Muhimu uwahi: jibini hupikwa kila siku, Jumapili ikiwemo, lakini kabla ya saa tano asubuhi masufuria yameshaoshwa. La kubeba nyumbani waombe walifunge kwenye mfuko ulionyonywa hewa, na chupa ya siki iingie kwenye begi la kupakia.