Dagaa wa mawese kwa mama lishe wa Kibirizi

Msafiri anayesubiri boti ya kwenda vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, au anayerudi kutoka Hifadhi ya Gombe akiwa na njaa, hana haja ya kupanda hadi Kigoma mjini kutafuta chakula, kwa kuwa hatua chache kutoka mwaloni Kibirizi kuna banda la mabati la mama lishe ambaye nimekula kwake zaidi ya miaka mitatu bila kujuta.

Sahani ninayoipendekeza ni dagaa wa mawese kwa ugali wa muhogo, shilingi 3,000. Mama hununua dagaa waliokaushwa kwenye chanja tu, hata bei yao inapokuwa juu kuliko ya wale wanaoanikwa chini, na ndiyo maana kwake mtu hatafuni mchanga. Nimemwona akiwachambua vichwa, akiwapitisha kwenye kikaango kikavu hadi watoe harufu, kisha akiwaosha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuwaunga kwa kitunguu, nyanya na ndimu, huku mawese yakibaki na wekundu wake.

Banda hilo hulisha watoto wanane, wawili wao wa marehemu dada yake, pamoja na mume aliyekuwa mvuvi kabla ya kuumia mgongo. Hata hivyo, kipimo cha mteja hakijawahi kupunguzwa. Kinachopunguzwa ni upotevu: vichwa vya dagaa na vumbi linalobaki chini ya gunia huenda kwa kuku wake, ambao mayai yao huuzwa hapo hapo asubuhi pamoja na chai, na makapi ya chikichi zilizokamuliwa ndiyo anayowashia mkaa.

Uhodari wake niliuona zaidi mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa, yaani uvuvi ukasimamishwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti na wavuvi wakakaa nyumbani. Alikuwa ameweka akiba ya dagaa tangu giza la Machi na Aprili, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa wingi, na akiba ilipokwisha akapika maharage ya Kasulu na kisamvu cha karanga, akashusha bei hadi shilingi 2,000. Nilipomuuliza sababu alinijibu, “Mwanangu, wavuvi wenyewe hawana kazi. Nikiwatoza bei ya dagaa, watakula nini?”

Kasoro zipo. Viti ni vichache, na mchana wa siku za shule watoto wanaomsaidia huwa darasani, kwa hiyo mteja anaweza kusubiri hata dakika 40, jambo ambalo msafiri ambaye boti yake inakaribia kuondoka alizingatie. Asiyezoea mawese aombe mchuzi kidogo kwanza.

Migebuka, samaki wengine wa ziwa hili, wapo pia wa kuchoma, kwa shilingi 5,000, lakini siku za mbalamwezi huletwa wachache na kufikia saa saba huwa wamekwisha. Anayewataka apite asubuhi, wakati wa chai, amwombe mama lishe amwekee.