Kupanga Nyumba Bila Gari: Maeneo Manne kwa Mpenda Sanaa

Anayetafuta nyumba ya kupanga huku akijua kwamba hatakuwa na gari aanze kwa kuhesabu safari zake za kila siku, yaani kazini, sokoni, zahanati na shule ya watoto, na ndipo aulize ukumbi wa muziki au wa maonyesho uko umbali gani. Mpangilio huu unatanguliza maeneo ambayo miguu hutosha kwa yote mawili.

La kwanza, bila kusita, ni Mji Mkongwe wa Unguja. Vichochoro vyake ni vyembamba hata gari haliwezi kupita katika sehemu kubwa ya mji, kuta ndefu za nyumba huwapa wapita njia kivuli kwa saa nyingi za mchana, na kutoka Shangani hadi soko la Darajani ni mwendo wa takribani robo saa. Sanaa nayo ni sehemu ya maisha ya mitaa: Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905, ni cha hapa, na Ngome Kongwe imekuwa jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la mwezi wa Februari lililoanza mwaka 2004. Hata hivyo, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu, kwa hiyo kagua boriti na kuta wakati wa masika, si wakati wa kiangazi zinapoonekana kavu. Pikipiki nazo hupita vichochoroni, jambo ambalo mwenye watoto wadogo asilipuuze. Kodi ikikushinda kwa sababu ya nyumba nyingi kugeuzwa za wageni, tazama Michenzani, ng'ambo ya barabara kuu, ambako bado utakwenda mjini kwa miguu.

La pili ni Upanga, Dar es Salaam. Goethe-Institut na Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa, vyote viko huku, Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert yanafikika kwa miguu, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 hupita Barabara ya Morogoro, katika kituo cha Fire. Kwa mtu mwenye kazi ya ofisini katikati ya jiji, ningeiweka Upanga juu ya Mji Mkongwe.

Bagamoyo ni ya tatu, nayo inamfaa zaidi mwanafunzi au msanii anayefanya kazi nyumbani: mji ni mdogo, baiskeli inatosha, na TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, imeuzoesha mji huo ngoma na maigizo. Anayelazimika kwenda Dar es Salaam kila siku asihamie huko.

Mwenge, nayo ya Dar es Salaam, inashika nafasi ya mwisho. Ina soko la vinyago na daladala za kila upande, lakini kuvuka barabara zake pana kwa miguu ni hatari.

Popote utakapochagua, tembea njia ya kutoka kituoni hadi mlangoni usiku, kisha uirudie baada ya mvua, kabla ya kumlipa dalali. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na ukishailipa ni vigumu kurudishiwa.