"Mama, mzee yuko wapi?": Mashine yangu ya kukata nyasi na duka lililoniuzia

Nianze na nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi wa getini aliyenisaidia kuingiza boksi kwenye buti. Nikipoa labda nitaongeza.

Tuna ekari tano Kinangop, upande wa Njabini. Mbili ni za viazi na kabichi, tatu ni nyasi tupu, tena nyasi za Kikuyu, zile zinazojisuka chini kama mkeka huku juu zikiendelea kumea. Miaka yote tumekuwa tukiita vijana wanafyeka kwa slasha, siku chache kazi imeisha. Juzijuzi mvua ikapiga mfululizo, vijana wakapandisha bei, nami mgao wa chama ulikuwa umetoka. Nikasema, kwani mashine hununuliwa na nani?

Nguvu za farasi, uzito na bei sitaandika, hayo yako kila mahali. Mimi nina habari za kaunta.

Duka lenyewe liko Industrial Area, Nairobi, limejaa mashine zimepangwa kwa rangi, linapendeza kweli. Kijana wa mauzo alinitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama mlango. "Mama, mzee yuko wapi? Anaegesha gari?" Nikamwambia mzee yuko nyumbani na gazeti lake, mnunuzi ni mimi. Akacheka kicheko cha adabu. Nilikuwa na maswali mawili tu: shamba liko juu sana milimani, mashine itapumua? Na kuna mawe kwenye nyasi, itakuwaje? Akanijibu, "Hii inakata hata ekari kumi. Mwambie mzee asiwe na wasiwasi."

Mzee gani tena, jamani!

Ningeondoka pale pale. Lakini nilikuwa nimetoka Donholm asubuhi yote kwa foleni, na pesa ziko kwa simu. Nikalipa.

Hesabu ambayo kijana hakunifanyia nilijifanyia mwenyewe baadaye, na wewe ifanye kabla ya kulipa. Mashine ya kusukuma ya inchi 21 inakata upana wa kama sentimita 53. Ekari moja ni mita 4,047 za mraba. Gawanya: hiyo ni zaidi ya kilomita saba na nusu za kutembea, kabla hujahesabu kurudia mistari. Kwa ekari zangu tatu ni kutoka Nairobi mjini mpaka mji wa Kikuyu kwa miguu, ukisukuma chuma kwenye mteremko! "Hata ekari kumi." Nani, yeye?

Siku ya kwanza ilikata, siwezi kusema uongo. Ilikata vizuri mpaka majirani wakaja kusimama kwenye ua. Ila ilikuwa inatoa moshi mweusi na kuzubaa kila ikifika penye nyasi nzito. Nikapiga simu dukani. Jibu: "Hayo ni mafuta mabaya ya huko kwenu." Huko kwetu! Petroli niliinunua hapa hapa Nairobi.

Siku ya pili ikagonga jiwe. Tena si jiwe lolote, ni jiwe la mpaka, lile nililomlipa saveya kwa mkono wangu alizike pale, nyasi zikalifunika. Mlio ule bado ninausikia. Mashine ikazima, na kila tukivuta kamba ya kuwasha, kamba inarudi kwa nguvu na kutaka kung'oa vidole vya kijana wetu wa shamba.

Nikairudisha dukani wiki iliyofuata, yule yule kijana. Hakuiinamia hata kidogo. Alitazama kisu kilichopinda akasema waranti haigusi kugonga mawe, injini imekufa, labda ninunue nyingine. Kisha, bila aibu: "Ni mzee alikuwa anaendesha ama ni wewe?"

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na wateja wengine walisikia, na sijutii. Ingawa, nikiwa mkweli, habari ya mawe imeandikwa kwenye karatasi ya waranti. Maandishi madogo lakini yapo. Sawa. Lakini mimi niliuliza juu ya mawe! Niliuliza kabla ya kutoa shilingi!

Nikaipeleka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Fundi mmoja, mikono myeusi ya oili, akavuta kamba mara moja tu akatabasamu. "Mathe, hii haijakufa. Imepoteza ufunguo." Akafungua kifuniko cha juu akanionyesha kipande cha chuma laini, kifupi kuliko njiti ya kiberiti, kinacholishika gurudumu zito la injini kwenye mhimili wake. Kisu kikigonga kitu kigumu ghafla, kile kipande hukatika, gurudumu linahama kidogo, na cheche inaruka wakati usio wake. Ndiyo maana kamba inapiga teke. Akaukagua mhimili wa chini, haukupinda, nikamshukuru Mungu. Kipande kipya shilingi 200.

Kuhusu moshi, akaniuliza shamba liko wapi. Nilipotaja Kinangop akatikisa kichwa. Kule ni juu, kama mita 2,500, hewa ni nyepesi, lakini kabureta inaendelea kumimina mafuta yale yale. Plagi ilikuwa nyeusi kama mkaa. Akabadilisha kijitundu cha mafuta kwenye kabureta, akaweka chembamba zaidi. Tena akanionya kwamba hata hivyo nguvu zote hazirudi, kila mita 300 za kupanda injini inapoteza kama asilimia tatu na kitu. Maswali yangu yote mawili yakajibiwa na mtu aliyekaa juu ya debe.

Sasa mashine inanguruma vizuri, moshi hakuna. Kwa hiyo mashine ni nyota nne. Nasema nne kwa uwanja wa mbele ya nyumba, palipo sawa. Kwa huko nyuma penye mawe ningenunua ile ya kubeba begani yenye uzi, kwa sababu uzi ukigonga jiwe unakatika uzi tu. Na ekari mbili za nyasi zilizobaki nimeachia kondoo wa shemeji, hawaulizi mafuta. Duka? Nilikuwa nimeandika nyota mbili, nimefuta. Nikikumbuka "ama ni wewe" damu inachemka.

Tatizo ni kisu. Kilichonyooshwa kwa nyundo kinatetemesha mashine nzima, na kisu chake halisi kinauzwa kwenye duka lile lile tu. Niliapa sitakanyaga pale tena. Basi wiki hii nikamtuma mzee wangu, huyo huyo waliyekuwa wakimtafuta. Saa tano nikiwa ofisini simu ikaita.

"Mama watoto, niko hapa kaunta. Huyu kijana anauliza kisu ni cha modeli gani, na kina tundu ngapi katikati. Mimi nitajuaje?"

Nikamwambia ampe kijana simu.